Nani Aichore Karagwe Upya?

Umezuka mtindo, katika miaka ya karibuni, wa kuzichora upya picha mashuhuri za Ulaya kwa kompyuta na kwa simu. Mona Lisa wa Leonardo da Vinci huvikwa kitenge na kilemba. Msichana wa Johannes Vermeer huvuliwa lulu akatiwa ushanga sikioni. Usiku wenye nyota wa Vincent van Gogh huhamishwa kutoka Ufaransa ukatandazwa juu ya migomba na mibuni. Picha za namna hii hutumwa kutoka mkono hadi mkono, husifiwa siku moja au mbili, kisha hufuatwa na nyingine. Kijana wa Kayanga au wa Nkwenda aweza kuzitazama saa ile ile azitazamapo kijana wa Nairobi au wa London, na akitaka aweza kutengeneza yake kabla ya jua kuchwa.

Juu ya jambo hili wako watu wa namna mbili. Wa kwanza husema kwamba kuchora upya kazi ya mtu mwingine ni wizi uliovaa nguo za usanii. Kwamba msanii wa kweli huumba, haigi. Wa pili husema kwamba huu ni ushindi: Mwafrika aliyefungiwa nje ya picha za dunia sasa ameingia ndani yake kwa miguu yake mwenyewe. Makundi haya hushindana kwa sauti kubwa, na yote mawili yamekosea. Yamekosea kwa sababu yote mawili yamekubaliana, pasipo kujua, juu ya jambo moja: kwamba picha mashuhuri maana yake ni picha za Ulaya, na kwamba kazi iliyobaki kwa Mwafrika ni ama kuziacha, ama kuzivika.

Hakuna mahali ambapo kosa hili laonekana wazi kuliko katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Nchi hii ilikwisha kuchorwa upya zamani, wala si na wenyeji wake. Ilichorwa upya huko London, katika mwaka 1863, kwa mkono wa mtu ambaye hakuwa katika msafara uliofika huko, na matokeo ya mchoro ule na ya maneno yaliyochapishwa pamoja nao hayajakwisha mpaka leo. Mtu anayetaka kujua kama kuchora upya ni jambo jema au baya, na aanzie hapo.

Kwanza yafaa kuwajibu wale wanaosema kuwa kuiga ni wizi. Historia ya uchoraji haiwaungi mkono. Katika mwaka 1887 van Gogh alichukua picha za Hiroshige wa Japani, daraja chini ya mvua na mti wa maua, akazichora upya kwa rangi za mafuta. Katika mwaka 1863 Édouard Manet alichora Olympia akiwa ameutazama vema mlalo wa Venus wa Titian, kazi ya karne ya 16. Akaugeuza mlalo ule kuwa swali juu ya jiji la Paris na juu ya wanaume wake. Katika mwaka 1957 Pablo Picasso alijifungia na Las Meninas ya Velázquez, akaichora tena na tena katika mfululizo wa picha 58. Hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kuwaita watu hawa wezi. Kila mmoja wao alichukua kazi ya mwingine kama mwanafunzi achukuavyo swali la mwalimu wake: si kwa kulirudia, bali kwa kulijibu.

Wala hapana haja ya kwenda Paris kutafuta ushahidi. Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, anajulikana katika Afrika Mashariki yote kwa kuonya dhidi ya kuiga. Onyo lake limekuwa kama methali miongoni mwa wasanii. Lakini Njau huyo huyo, katika mwaka 1959, alichora katika kanisa la Murang'a, nchini Kenya, picha tano kubwa ukutani juu ya maisha ya Yesu, na mojawapo ni Karamu ya Mwisho. Ni mada iliyochorwa mara nyingi sana huko Ulaya. Njau hakuikimbia. Aliwaweka Yesu na wanafunzi wake katika nchi ya Wakikuyu, na kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika miaka ya vita vya Mau Mau, hata watu waliosali pale waliielewa karamu ile kwa machungu yao wenyewe. Ikiwa mwenye onyo alifanya hivyo, basi onyo lake halikuwa dhidi ya kuchora upya. Lilikuwa dhidi ya kuchora pasipo kufikiri.

Hapo ndipo wanapoanguka wale wa kundi la pili. Wao huona kuwa kumvika Mona Lisa kitenge kwatosha. Na watafakari kidogo. Uso ni ule ule, mikono imekunjwa vile vile, mwanga waangukia shavu lile lile, na milima ya nyuma imepangwa kwa kanuni zile zile za Italia. Kilichobadilika ni nguo tu. Na nguo yenyewe ina historia: vitenge vya viwandani vilianza katika karne ya 19, pale viwanda vya Ulaya, hasa vya Uholanzi, vilipoiga batiki ya Java. Yaani mgeni amevikwa mwigo, na mtazamaji anaambiwa kuwa amekuwa Mwafrika. Hili si kosa la kitenge, ambacho wanawake wa Afrika wamekifanya chao kwa haki kabisa. Ni kosa la msanii aliyedhani kuwa Uafrika ni kitu kinachoweza kubandikwa kwa kidole juu ya kioo cha simu.

Ulaya yenyewe imekwisha kuuona upungufu huu. Mapema mwaka 1923 ingekuwa rahisi kusema kwamba mashine haiwezi kuchora. Mapema mwaka 2023 haikuwezekana tena. Mwaka huo jumba la Mauritshuis, mjini Den Haag, liliazimisha picha ya Vermeer ya msichana mwenye hereni ya lulu kwa maonyesho ya Amsterdam. Ili ukuta usibaki mtupu, jumba likawaalika watu wa dunia nzima wapeleke picha walizozifanya kwa kumwigiza msichana yule, nazo zikapelekwa kwa maelfu. Miongoni mwa zilizochaguliwa ilikuwamo moja iliyotengenezwa kwa msaada wa akili mnemba, na wachoraji wengi wakakasirika. Ubishi ule ulihusu kama mashine ni msanii. Lakini swali kubwa zaidi halikuulizwa sana: kwa nini maelfu ya watu waliweza kumchora upya msichana yule? Kwa sababu wanamjua. Kwa sababu sura yake imechapishwa, imepigwa picha, imetiwa katika intaneti kwa ukubwa unaoonyesha hata nyufa za rangi, nayo hupatikana bure. Huwezi kuchora upya usichokiona. Umashuhuri si sifa ya picha peke yake. Ni kazi ya wachapishaji, walimu, magazeti na majumba ya makumbusho. Mona Lisa mwenyewe alizidi kujulikana kwa watu wa kawaida baada ya kuibwa Louvre mwaka 1911, maana magazeti ya dunia yaliichapa sura yake kwa muda wa miaka miwili mpaka alipopatikana.

Sasa na tuitazame Karagwe, tukilinganisha.

Tarehe 25 Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika, katika makao yake karibu na ziwa ambalo Speke alilibatiza jina la ziwa la Uingereza, kana kwamba halikuwa na jina. Speke aliondoka mwezi Januari 1862 kwenda Buganda. Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu, hawezi kwenda. Akabaki Karagwe mpaka mwezi Aprili. Mwanzoni mwa safari, huko Unguja, Grant alikuwa akipiga picha kwa kamera, lakini kazi ile ilikuwa nzito katika joto, akaiacha akashika brashi na rangi za maji. Kwa hiyo mtu aliyekaa Karagwe muda mrefu zaidi, akiwa hana la kufanya ila kutazama, alikuwa mchoraji. Michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh.

Lakini dunia haikuiona Karagwe kwa michoro ile. Kitabu cha Speke, Journal of the Discovery of the Source of the Nile, kilichapishwa mwaka 1863, nacho kilitangaza kuwa picha zake nyingi zimetokana na michoro ya Grant. Neno hilo, zimetokana, lastahili kupimwa. Ili mchoro wa rangi uweze kupigwa chapa siku zile, ilibidi uchorwe upya juu ya ubao, kisha ubao uchongwe, kisha upakwe wino. Kazi ya kuchora upya ilifanywa na Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyefanya kazi London, hodari sana wa kuchora wanyama. Zwecker hakuwa Karagwe pamoja na Grant. Hakukaa kando ya ziwa lile, hakumwona Rumanyika, hakusikia ngoma zake. Rangi zote zikapotea zikabaki nyeusi na nyeupe. Na pale ambapo brashi ya Grant ilikuwa na haraka au mashaka, ilibidi mkono wa fundi wa London ujaze. Ujuzi wa fundi yule haukatiliwi shaka. Lakini alijaza kwa vitu alivyovijua, na Karagwe haikuwa miongoni mwa vitu alivyovijua.

Picha hizo hazikusafiri peke yake. Zilisafiri pamoja na maneno ya Speke. Katika kitabu kile kile Speke aliandika sura nzima juu ya asili ya watawala aliowaita Wahuma, akatoa dhana yake kwamba walitoka Uhabeshi, kwamba wao ni watu wa namna nyingine, bora kuliko wakulima waliowatawala. Aidha alisimulia jinsi alivyompima kwa utepe shemeji wa mfalme, mwanamke aliyenenepeshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Akaandika vipimo vya mwili wake na kuvichapisha ili wasomaji wa Ulaya wastaajabu. Mtu aliyewakaribisha nyumbani kwake, akawalisha, akamwuguza mmoja wao kwa miezi, akalipwa kwa jambo hilo.

Dhana ya Speke haikufa pamoja naye. Waandishi waliofuata waliikuza. Watawala wa Kijerumani, na baada yao Wabelgiji, waliifanya msingi wa utawala ng'ambo ya pili ya Mto Kagera, katika Rwanda, wakawagawa watu kwa pua na kwa urefu na hatimaye kwa vitambulisho. Katika mwaka 1994 mto ule ulichukua maiti, na makundi makubwa ya wakimbizi yakavuka kuingia Ngara na Karagwe. Ni uongo kusema kuwa kitabu kimoja, au picha za kitabu kimoja, ndizo zilizoua watu. Mauaji yalifanywa na waliopanga na walioshika mapanga. Lakini ni uongo vile vile kusema kuwa picha ni kitu cha kupambia ukuta tu. Mtu hujifunza kwa macho nani ni wa juu na nani ni wa chini kabla hajajifunza kwa hoja, na akikwisha kujifunza hivyo, ni vigumu hoja kumfundua.

Hii ndiyo sababu jambo la kuchora upya kwa vyombo vya kisasa si mchezo. Mashine ya akili mnemba huchora kwa kufuata wingi wa yale iliyolishwa. Mtu akiiomba imchoree Mona Lisa, ina Mona Lisa wengi wa kutazama. Akiiomba imchoree mfalme wa Karagwe wa mwaka 1861, itatazama nini? Itatazama yaliyochapishwa na kunakiliwa mara nyingi, yaani picha za vitabu vya wasafiri na sinema zilizozaliwa na vitabu hivyo. Patakapokosekana hayo, itajaza, kama alivyojaza Zwecker. Tofauti ni kwamba Zwecker alikuwa na michoro ya Grant mezani, na jina lake likajulikana. Mashine haisemi imetazama nini, nayo hutoa picha elfu moja kwa muda ambao fundi yule alikuwa bado anachonga kalamu. Kijana wa Kyerwa aipelekaye picha ile kwa rafiki zake, akiandika chini yake maneno ya kujivunia utamaduni, huenda anawapelekea London ya 1863 iliyotiwa rangi.

Hapa wa kundi la pili watajibu, na jibu lao si la kupuuzwa. Watasema: Karagwe haina picha mashuhuri. Wafalme wake hawakuwa na Vermeer. Kijana achore upya nini, kama si kazi za Ulaya? Na wengine wataongeza methali: usiache mbachao kwa msala upitao, ni sawa, lakini mbacha uko wapi?

Mbacha uko Stuttgart. Rumanyika alikuwa na nyumba maalum ya hazina. Henry Morton Stanley aliiona mwaka 1876, miaka miwili kabla ya kuchapisha kitabu chake, na hakusita kuilinganisha na jumba la makumbusho. Aliorodhesha mikuki, bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa. Kulikuwa na kazi za chuma pia: ng'ombe waliofuliwa kwa nyundo, miili yao myembamba, pembe zao ndefu zimepinda kwa mstari mmoja safi, hata mtu akisimama mbele yao haoni chuma, aona pembe. Hazina ile ilitawanyika. Baadhi ya ng'ombe wale wa chuma leo wamo katika jumba la makumbusho la Linden, mjini Stuttgart, Ujerumani. Si picha za rangi juu ya turubai. Lakini ni nani aliyeamua kuwa sanaa kuu lazima iwe rangi juu ya turubai? Picasso mwenyewe, alipotaka kuubadilisha uchoraji wa Ulaya mwaka 1907, alitazama vinyago vya Afrika.

Kwa hiyo si kweli kwamba Karagwe haina cha kuchorwa upya. Kweli ni kwamba watu wa Karagwe wamepewa njia ya kumwona msichana wa Uholanzi kuliko ng'ombe wa babu zao. Katika mwaka 2019 jina la Rumanyika lilipewa hifadhi ya taifa, Rumanyika-Karagwe, na jirani yake ikaitwa Ibanda-Kyerwa. Ni heshima, hapana budi kushukuru. Lakini mgeni afikaye katika hifadhi yenye jina la mfalme ataonyeshwa wanyama walio hai. Ng'ombe waliolifanya jina hilo kuwa la mfalme wa mafundi hataonyeshwa, maana hawapo.

Yako mapingamizi mengine, nayo ni ya haki. Mtu aweza kusema: hazina ile ilikuwa ya wafalme wa ukoo wa Bahinda. Wakulima waliwalisha wafalme wale kwa jasho. Nchi sasa ni jamhuri. Kwa nini kijana wa mkulima wa kahawa achore upya fahari ya waliomtawala babu yake? Pingamizi hili ni zito kuliko yote, na jibu lake ndilo linaloonyesha thamani ya kuchora upya. Kuchora upya si kusujudu. Manet hakumsujudia Titian, alimhoji. Ng'ombe wa chuma hakufuliwa na kiti cha enzi. Alifuliwa na mhunzi, kwa makaa yaliyochomwa na mtu, kwa chuma kilichoyeyushwa kutoka katika mawe yaliyochimbwa na watu, na utaalamu wa kuyeyusha chuma katika nchi hizi za magharibi ya Ziwa Viktoria ni wa zamani mno kuliko ukoo wowote wa kifalme. Msanii wa leo aweza kumchora ng'ombe yule na kumrudisha mhunzi katika picha, mahali ambapo Speke na Stanley hawakumweka. Hiyo haitakuwa fahari ya mfalme. Itakuwa haki ya fundi.

Tena iko hadithi ambayo Speke mwenyewe aliiandika kutoka kinywani mwa Rumanyika. Baba yao alipokufa, wana watatu waligombea kiti. Ikawekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini imetiwa dawa. Ndugu wawili walishindwa kuinyanyua. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kimoja. Hapa pana picha kuu isiyojulikana na dunia. Turubai ingeweza kuonyesha dakika moja tu ya jambo hilo. Sanaa ya kidijitali, iwezayo kutikisika na kutoa sauti, ingeweza kuonyesha uzito wa ngoma ukibadilika kutoka mkono hadi mkono; na msanii mwenye akili angeweza kuuliza, pasipo kusema neno, nani aliitia dawa ngoma ile, na nani baadaye aliisimulia hadithi kwa mgeni mwenye kalamu ili ushindi wake uonekane kuwa wa haki. Maana Speke huyo huyo anasimulia pia vita vya ndugu wale, na msaada alioupata Rumanyika kutoka kwa wafanyabiashara wa pembe. Vyombo vipya vina nguvu ambazo mafundi wa zamani hawakuwa nazo. Hasara ni kuzitumia nguvu hizo kumbadilishia Mona Lisa kilemba.

Yote haya hayatatokea kwa kuwasihi vijana tu. Kijana hachori asichokiona, na wenye kuvifungia vitu ndani ya makabati hawana haki ya kumlaumu kwa kuchora kilicho wazi. Kwa hiyo deni lina wadeni watatu, na yafaa kila mmoja atajwe.

Mdeni wa kwanza ni majumba ya makumbusho na maktaba za Ulaya. Rijksmuseum ya Amsterdam ilifungua hazina yake ya picha tangu mwaka 2012, mtu yeyote azichukue bure kwa ukubwa wake wote na kuzitumia atakavyo. Kinachowezekana kwa Rembrandt chawezekana kwa mhunzi wa Karagwe. Ng'ombe wa chuma apimwe kwa mashine za kisasa pande zote, na vipimo vyake vitolewe bure, pamoja na habari za jinsi alivyoondoka kwao na mkono uliomchukua. Michoro ya Grant iwekwe wazi kwa namna hiyo hiyo, kila mmoja kando ya picha ya Zwecker iliyotokana nao, ili mtazamaji aone kwa macho yake nini kilichoongezwa. Wala picha hizo zisifanywe kuwa badala ya vitu vyenyewe. Atakayesema, tumekwisha kuwapa vipimo, sasa ng'ombe abaki hapa, atakuwa amerudia hesabu ya Speke: kumpima mtu kwa utepe na kuondoka na vipimo. Kama vipimo vyatosha, basi na vibaki Stuttgart, na ng'ombe arudi kwao.

Mdeni wa pili ni vyuo vikuu na shule za nchi yenyewe. Israel Katoke aliandika historia ya ufalme wa Karagwe, kitabu kilichotoka mwaka 1975. Josephat Rugemalira ameandika msamiati na sarufi ya Kinyambo. Msingi upo. Lakini mwanafunzi aweza kumaliza masomo yake akiwa amejua tarehe ya Mona Lisa pasipo kujua kuwa Karagwe ilikuwa na nyumba ya hazina. Sanaa haifundishwi kwa majina ya Ulaya peke yake na kisha wanafunzi walaumiwe kwa kuipenda Ulaya. Na maelezo ya vitu hivi yaandikwe kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, maana wazee wanaojua majina ya sehemu za ngoma, za mkuki, na za chombo cha maziwa cha mti hawatasubiri milele, na jina likipotea msanii huchora umbo asiloweza kulitaja.

Mdeni wa tatu ni msanii mwenyewe, na deni lake ni dogo lakini ndilo la kila siku. Aseme alitazama nini. Chini ya picha yake aandike: hii imetoka katika mchoro wa fulani wa mwaka fulani, hili nimelibadilisha, na hili mashine imelijaza nami sikulihakikisha. Huo ni mstari mmoja au miwili. Wachapishaji wa 1863 angalau walilitaja jina la Grant. Itakuwa aibu msanii wa leo, mwenye nafasi isiyo na mwisho ya kuandika, kuwa msiri kuliko wao. Mtazamaji naye ajifunze kuuliza. Picha isiyojua ilikotoka isisifiwe kwa sababu tu waliomo ndani yake ni weusi.

Watasema baadhi kwamba masharti haya yatauzima uhuru wa msanii. Hayauzimi. Picasso alikuwa huru mbele ya Velázquez kwa sababu aliijua Las Meninas tangu ujana wake. Njau alikuwa huru mbele ya Karamu ya Mwisho kwa sababu aliijua Injili, na aliwajua watu wa Murang'a. Asiyejua hana uhuru mbele ya picha. Ana bahati tu, na mara nyingi bahati yake ni ya kurudia makosa ya waliomtangulia.

Karagwe imekwisha kuchorwa upya mara moja na watu wasioijua, na gharama yake ililipwa na wengine. Sasa vyombo vimefika mikononi mwa wenyeji, na kuchorwa itachorwa tena, wapende wasipende. Mashine haziombi ruhusa. Lililobaki kuamuliwa ni kama mkono utakaoichora utakuwa umemwona ng'ombe wa chuma, au utakuwa umemwona Zwecker. Makabati ya Stuttgart na makabati ya Edinburgh yakibaki yamefungwa kwa kijana wa Kyerwa, jibu limekwisha kutolewa, na waliolitoa si vijana.